Loda ndogo au skidi stia: mwongozo kamili wa kuchagua mashine ya uwanja wako

Mashine ya kwanza niliyoununulia uwanja wangu wa matofali ya saruji, pembeni mwa mji wa Mukono, Uganda, ilikuwa skidi stia, mashine fupi yenye kijiko mbele ya kuzolea na kupakia mzigo, iliyokwisha kutumika. Niliichagua kwa sababu ilikuwa ndogo, bei yake ilikuwa chini ya ile ya loda, na muuzaji aliizungusha mbele yangu papo hapo kama pia. Kabla ya mwaka kwisha matairi yake yalikuwa yamebaki laini kama kisigino, na pale penye mlango wa stoo, ambapo ilikuwa ikigeuka kutwa nzima, sakafu ya zege ilikuwa na duara jeusi la mpira, na ndani ya duara hilo kokoto zilikuwa zimeanza kuchungulia. Opereta wangu, kijana kutoka Busia, alinipeleka pale, akainama, akapitisha kidole juu ya duara, kisha akanionyesha unga mweusi uliobaki kwenye ncha ya kidole. "Mzee," akaniambia, "hii mashine haikati kona. Inajikwangua mpaka inageuka."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza achague ipi kati ya mashine hizi mbili, simwulizi kwanza kijiko chake kitabeba kiasi gani wala injini ina nguvu za farasi wangapi. Namwuliza mashine yake itageuka mara ngapi kwa siku, na itageukia juu ya nini. Wanunuzi wengi huanza na bei, na bei hujibu swali la siku moja tu, ile ya kununua. Hatua ninazoeleza hapa zimepangwa kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi leo kama ningekuwa naanza upya, na baadhi yake ni fupi kwa sababu hazina mengi ya kujadiliwa.

Kwanza elewa jinsi kila moja inavyogeuka

Skidi stia ina magurudumu manne yasiyopinda. Mawili ya kulia huendeshwa pamoja na mawili ya kushoto huendeshwa pamoja, kila upande ukiwa na mota yake ya haidroliki ambayo kwa kawaida huzungusha magurudumu kwa minyororo iliyomo ndani ya kisanduku chenye mafuta. Upande mmoja ukienda haraka kuliko mwingine, mashine hukunja. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, mashine huzunguka palepale iliposimama. Kwa kuwa magurudumu yenyewe hayapindi, ni lazima yaburuzwe kiubavu juu ya ardhi, na hapo ndipo mpira unapoliwa.

Mashine ikiwa tupu, takribani asilimia 70 ya uzito wake hukaa kwenye ekseli ya nyuma, na ikibeba mzigo wake kamili uzito huhamia mbele. Mpango huo ni wa makusudi, kwa sababu ekseli nyepesi huteleza kwa urahisi huku ile nzito ikiwa kama egemeo. Ndiyo maana skidi stia hugeuka vibaya zaidi inapobeba nusu ya mzigo: uzito umegawanyika sawa, matairi yote manne yameshika ardhi, na hakuna linalokubali kuteleza. Ukimtazama opereta akigeuka na nusu kijiko cha mchanga utaona mashine ikirukaruka, na kila mruko ni kipande cha tairi.

Asili ya mashine hii inaeleza inapofaa. Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, waliunda loda nyepesi ya magurudumu matatu kwa ajili ya mfugaji wa batamzinga aliyehitaji kitu cha kuzoa samadi ndani ya banda la ghorofa lenye nguzo nyingi. Kampuni ya Melroe iliichukua kazi yao, na mwaka 1960 ikatoa loda ya magurudumu manne iliyoitwa M-400, kabla ya jina la Bobcat kuanza kutumika. Ndiyo sababu watu wengi huku kwetu huiita skidi stia yoyote "bobkati", hata iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Nguzo, dari ya chini na nafasi finyu ndizo zilizoizaa, na mpaka leo ndiko nyumbani kwake.

Loda ndogo ya magurudumu imejengwa kwa njia nyingine. Ina chasisi mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizounganishwa kwa kiungo kiunoni. Opereta akizungusha usukani, silinda za haidroliki huikunja mashine katika kiungo hicho, na magurudumu ya nyuma hufuata nyayo za yale ya mbele. Tairi linaviringika badala ya kuburuzwa. Sehemu ya mbele na ya nyuma pia huweza kujinyonga kidogo, moja ikilala upande huku na nyingine upande ule, ili magurudumu yote manne yaendelee kugusa ardhi penye mabonde. Zipo loda ndogo ambazo hazikunjiki kiunoni bali hupinda magurudumu yote manne, lakini kwa suala la matairi matokeo yake ni yaleyale.

Hatua ya kwanza: pima safari zako

Chukua daftari na siku moja ya kazi ya kawaida, siku ambayo si ya mteja mkubwa wala si ya mvua, kisha uandike kila safari ambayo mashine ingefanya: inatoka wapi, inakwenda wapi, ni hatua ngapi, inageuka mara ngapi, na imebeba nini. Kama kwa sasa mzigo unabebwa kwa toroli na vijana, zifuate toroli. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana wengi huiruka, lakini bila daftari hilo hatua zote zinazofuata ni kubahatisha.

Umbali ndio wa kwanza kuhesabiwa. Skidi stia nyingi zenye mwendo mmoja hufikia kilomita 10 hadi 12 kwa saa, na hazina springi, kwa hiyo hata zile zenye mwendo wa pili humtikisa opereta mpaka apunguze mwenyewe. Loda ndogo hufikia kilomita 20 kwa saa bila taabu, na baadhi huzidi hapo. Tuseme rundo la mchanga liko mita 60 kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Kwa kilomita 10 kwa saa, kwenda na kurudi ni sekunde 43. Kwa kilomita 20 ni sekunde 22. Katika safari 100 tofauti hiyo inakaribia dakika 36, za opereta unayemlipa na za dizeli inayoungua. Rundo likiwa mita 12 tu, mwendo hauna maana yoyote, kwa sababu hakuna mashine inayopata nafasi ya kuufikia.

Mimi hutumia mipaka hii, ambayo ni ya uzoefu wangu tu: safari ikiwa chini ya mita 20 na kuna kugeuka kwingi mahali pafinyu, naelekea kwenye skidi stia, ikizidi mita 40 au 50, naelekea kwenye loda, kati ya hapo, ardhi ndiyo inayoamua.

Kisha pima nafasi yenyewe. Skidi stia iliyo na kijiko huweza kujizungusha ndani ya duara lisilozidi sana urefu wake, ambao kwa nyingi ni mita 3 na nusu hivi. Loda ndogo inahitaji nafasi kubwa zaidi, na kiasi chake kinategemea mfano, kwa hiyo tafuta kipimo cha duara la nje, yaani lile linalochorwa na kona ya kijiko wala si lile la tairi. Kipimo hicho kichore kwa chokaa katika njia yako iliyo finyu kuliko zote. Njia ya katikati ya banda la kuku lenye nguzo kila mita 3 haikubali loda hata uisihi, na mwenye mabanda ya namna hiyo kule Wakiso hana haja ya kuendelea na mjadala huu.

Hatua ya pili: soma ardhi yako

Udongo mwekundu wa murram, ambao viwanja vingi vya huku kwetu vimemwagiwa, ni kama msasa. Ukiwa mkavu hulisaga tairi linaloburuzwa kwa namna ambayo muuzaji wa mashine aliyezoea sakafu laini hawezi kuikadiria. Ukilowa hugeuka, na kosa linakuwa la upande mwingine: skidi stia huchimba mashimo kila inapojizungusha, mashimo yanajaa maji, na baada ya wiki moja ya mvua uwanja una vidimbwi pale hasa ambapo mashine inatakiwa kupita. Kusini mwa nchi tuna misimu miwili ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, ambayo ni karibu nusu ya mwaka wa kazi. Loda, kwa kuwa magurudumu ya nyuma hufuata ya mbele, huacha alama mbili tu na haiupindui uwanja.

Kwenye vigae vya zege vilivyopangwa, vile vya kuunganishana, skidi stia ni adui. Nimeona njia ya kuingilia hoteli iliyokuwa imepangwa vizuri ikinyanyuka pembeni baada ya siku mbili za kazi ya kusambaza udongo wa bustani, kwa sababu opereta aligeuka juu ya vigae badala ya kugeuka kwenye udongo. Kama kazi yako ni kupamba mazingira katika nyumba za watu, hesabu gharama ya kurudisha vigae ndani ya bei ya mashine.

Sakafu ya zege iliyolainishwa, ya ghala au ya banda la ng'ombe, iko katikati. Zizi la maziwa la kule Mbarara au Kiruhura lenye sakafu iliyolowa kojo na samadi huifaa skidi stia, kwa kuwa unyevu huo hupunguza msuguano na tairi huteleza bila kuliwa sana. Sakafu hiyohiyo ikiwa kavu hulila tairi kama murram.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu za Karamoja, ni suala la peke yake. Ukilowa hujaa kwenye meno ya tairi na mashine zote mbili hukwama, ingawa loda, kwa magurudumu yake makubwa zaidi, hukwama baadaye kidogo. Hapo watu hutajiwa mashine ya tatu, ile inayofanana na skidi stia lakini yenye minyororo ya mpira badala ya magurudumu. Inaelea vizuri kwenye tope, ila minyororo yake ni ghali kuliko seti ya matairi na nayo huliwa haraka kwenye mawe na murram kavu. Singeinunua isipokuwa kama zaidi ya nusu ya mwaka wangu ni wa tope.

Kama ardhi yako imekulazimisha kununua skidi stia hata hivyo, mambo mawili yatayanusuru matairi. La kwanza ni kumfundisha opereta akunje taratibu akiwa katika mwendo, yaani apinde kwa duara refu, badala ya kujizungusha amesimama. La pili ni kutofunga tairi jipya na chakavu upande mmoja: magurudumu mawili ya upande mmoja yamefungwa kwa mnyororo na huzunguka kwa kasi ileile, kwa hiyo tairi lenye kipenyo kikubwa hulikokota dogo, na mnyororo na gia ndio wanaolipa.

Hatua ya tatu: uzito, na takwimu mbili zisizolingana

Hapa ndipo wanunuzi hudanganyika zaidi, mara nyingi bila yeyote kukusudia kuwadanganya. Kila mashine ina uzito wa kubinuka, yaani mzigo unaotosha kunyanyua magurudumu ya nyuma kutoka ardhini. Uzito wa kazi wa skidi stia huandikwa kuwa nusu ya uzito huo. Loda yenye kijiko nayo huchukuliwa kwa nusu, lakini uzito wake wa kubinuka unatakiwa upimwe mashine ikiwa imekunjwa kabisa, kwa sababu loda iliyokunjika hubinuka mapema kuliko iliyonyooka. Baadhi ya vipeperushi huweka mbele takwimu ya mashine iliyonyooka kwa sababu ndiyo kubwa. Uliza waziwazi: hii ni ya kunyooka au ya kukunjwa?

Loda ikifungwa uma za kubebea paleti, hesabu hubadilika tena. Kwa desturi ya viwango vya Ulaya, uzito wa kazi wa uma ni asilimia 80 ya uzito wa kubinuka kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, na asilimia 60 kwenye ardhi yenye mabonde. Uwanja wako ni wa aina ya pili. Naandika hivyo bila kuuona, kwa sababu sijauona uwanja wa murram ulio wa aina ya kwanza.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye mzigo wako. Mchanga uliolowa hukaribia tani 2 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kijiko cha mita za ujazo 0.4 kilichojaa kina karibu kilo 800. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na paleti ya mifuko 40 ni tani 2, mzigo ambao skidi stia nyingi haziruhusiwi kuubeba. Magunia 20 ya kahawa ya kilo 60 ni kilo 1,200. Matofali yangu yana kilo 20 hivi kila moja, na paleti ya matofali 60 ina kilo 1,200 kabla ya kuhesabu mbao za paleti yenyewe. Skidi stia yangu ya kwanza ilikuwa na uzito wa kazi wa kilo 900. Niliyajua mambo hayo yote mawili siku niliponunua, ila sikuwahi kuyaandika kwenye karatasi moja, na kwa miezi mingi opereta alikuwa akivunja kila paleti kuwa mbili, akifanya safari mbili, akigeuka mara mbili, juu ya duara lilelile jeusi.

Kumbuka pia kwamba takwimu ya uma hupimwa kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 50 kutoka kwenye ukuta wa uma. Mzigo mrefu, kama mbao au mabomba, unasogeza kitovu hicho mbele, na mashine inayobeba tani moja ya saruji salama inaweza kubinuka na kilo 700 za mbao.

Hatua ya nne: kimo cha lori

Pima ubavu wa lori refu kuliko yote unayopakia, kuanzia ardhini pale linaposimama, wala si kwenye karatasi. Kisha soma kipimo sahihi cha mashine: vipeperushi hutangaza kimo cha pini ya kijiko, lakini kijiko kikiinamishwa kumwaga, mdomo wake hushuka chini ya pini kwa sentimita 60 hadi 80. Ikiwa unapakia Canter au Elf, mashine nyingi za ukubwa huu zinatosha. Tipa la ekseli tatu ni jambo jingine, na hapo utahitaji loda kubwa kidogo au ngazi ya udongo ya kupandia. Kwa skidi stia, angalia pia njia ya mikono: ile inayopanda kwa kuchora tao hufika mbele zaidi ikiwa katikati ya kimo chake na ni nzuri kwa kuchimba na kusawazisha, na ile inayopanda karibu wima huufikisha mzigo mbele zaidi ikiwa juu kabisa na ndiyo ya kupakia malori.

Hatua ya tano: vifaa vya kufungwa mbele

Hapa skidi stia inalipiza kisasi. Bamba lake la kufungia vifaa limekuwa la aina moja kwa kampuni nyingi, kwa hiyo keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo, nyundo ya kuvunjia zege, au ufagio wa kuzunguka ulioazimwa kwa jirani una nafasi kubwa ya kuingia bila kukatwa wala kuchomelewa. Loda ndogo zina mifumo kadhaa ya kufungia, na kifaa kilichotengenezewa moja mara nyingi hakikai kwenye nyingine.

Lakini kufungika hakutoshi, kwani kifaa chenye mota huishi kwa mtiririko wa mafuta ya haidroliki. Skidi stia ya kawaida hutoa lita 60 hadi 90 kwa dakika, na zile za mtiririko mkubwa huzidi 100. Loda ndogo nyingi hutoa chini ya hapo, kwa kuwa hazikukusudiwa kuwa pampu ya vifaa vingine. Ikiwa mpango wako ni kuikodisha mashine kwa wajenzi wa uzio, leo keekee, kesho nyundo, keshokutwa kufagia, basi skidi stia ndiyo mashine yako hata kama ardhi inailaani, na bei ya matairi uiingize kwenye bei ya kukodisha. Ikiwa utatumia kijiko na uma tu kwa asilimia 95 ya maisha yake, usilipie mtiririko usiouhitaji.

Hatua ya sita: mtu anayeketi ndani

Katika skidi stia mikono ya kunyanyulia hupita pande zote mbili za opereta, naye huingia kwa mbele, akipanda juu ya kijiko. Zipo chache zenye mkono mmoja na mlango wa ubavuni, kama zile za JCB, lakini nyingi ni za kuingia kwa mbele. Hii maana yake ni kwamba mtu huingia na kutoka kwa kupita chini ya mikono, na kwamba hakuna anayepaswa kutoka mikono ikiwa juu bila kuifungia kizuizi chake cha chuma. Mwonekano wa nyuma na wa pembeni ni mdogo. Opereta wa loda huketi juu, nyuma ya mikono, huingia kwa ngazi ya ubavuni, na huona kona za nyuma za mashine yake. Katika uwanja ambamo wanawake wanaopanga matofali, watoto wa jirani na boda boda wa mteja hupita bila kuuliza, mimi nauhesabu mwonekano kuwa na thamani ya fedha, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamwekea mwajiri, wala si opereta peke yake, wajibu wa kuwalinda watu hao.

Kila mashine ina hatari yake ya kupinduka. Skidi stia ni fupi, kwa hiyo kwenye mteremko upande mzito unatakiwa uwe juu daima: ikiwa tupu, panda kinyumenyume, ikiwa imebeba, panda kwa mbele. Loda hudanganya zaidi. Hukaa imara ikiwa imenyooka, kisha hupoteza uthabiti ikikunjwa huku mzigo uko juu, na opereta aliyezoea skidi stia hulisahau hilo katika wiki ya kwanza. Mkanda ufungwe katika zote mbili, na mzigo ubebwe chini, karibu na ardhi, mpaka mashine ifike kwenye lori.

Hatua ya saba: injini, mwinuko na dizeli

Injini isiyo na tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale karibu mita 2,000, kwa hiyo mashine ndogo isiyo na tabo itakayofanya kazi Kigezi, eneo la Kabale, imekwisha kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla ya kuanza. Tabo hulifidia pengo hilo kwa kiasi kikubwa.

Jambo la pili ni chujio la masizi. Mashine mpya za ukubwa huu zilizouzwa Ulaya tangu 2019 kwa kawaida huwa nalo kwenye ekzosi, na limekusudiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50. Chujio huziba, taa huwaka, mashine hujipunguzia nguvu, na fundi mwenye kompyuta ya kulisafisha hapatikani kila mji. Kwa kazi ya uwanjani mbali na Kampala, ningechagua injini ya kizazi kilichotangulia, yenye pampu ya kawaida, na kila dizeli ya jerikeni ningeipitisha kwenye chujio la kutenga maji.

Hatua ya nane: kuikagua iliyotumika

Fika asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla yako. Gusa injini, ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Moshi wa buluu usioisha ni mafuta ya injini yanayoungua; moshi mweusi mashine inaposukuma rundo unaweza kuwa chujio la hewa tu.

Kwa skidi stia, ipandishwe juu ya magogo imara ili magurudumu yaning'inie, izimwe, kisha kamata kila gurudumu na ulisukume mbele na nyuma: mchezo mkubwa kabla ya kushika ni mnyororo uliolegea. Fungua kizibo cha kisanduku cha mnyororo na uchukue mafuta kidogo kwenye vidole. Ukihisi chembe za chuma, rudi nyumbani. Ikishuka ardhini, iendeshe mbele kwa mstari ulionyooka huku levu zote mbili zikisukumwa sawa. Ikivuta upande mmoja daima, mota au pampu ya upande mmoja imechoka, na hiyo ndiyo matengenezo ghali kuliko yote.

Kwa loda, kagua kiuno. Bonyeza kijiko ardhini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke, kisha msaidizi wako, akiwa amesimama mbali na nafasi ya kukunjia, atazame pini za kiungo mashine inaposhuka. Ukiona chuma kikihama kabla ya mashine kuhama, bushi zimekwisha. Tazama pia kama grisi mpya imepakwa leo juu ya pini kavu zenye kutu. Grisi ya siku ya mauzo haina historia. Kwa zote mbili, nyanyua kijiko kilichojaa hadi kimo cha kifua, zima injini, weka alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda, na usubiri dakika 10. Kushuka kidogo ni kwa kawaida, ila kushuka kwa kuonekana kwa macho ni sili zilizochoka. Wakati huo hakuna anayeingia chini ya mikono, hata wewe mwenye haraka. Saa zilizo kwenye mita zilinganishe na pedali, kiti na levu: mita ya saa 1,800 na pedali iliyobaki chuma kitupu haviwezi kuwa vya mashine moja.

Hatua ya tisa: fedha, forodha na kufikisha uwanjani

Ukiagiza kutoka nje, loda za kijiko cha mbele huorodheshwa na forodha chini ya 8429.51. Mwambie wakala wako akuandikie ushuru na ada zote kwa tarehe ya siku hiyo, pamoja na VAT ya asilimia 18, na akueleze kama mashine yako inahitaji cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinachosimamiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Cheti kisichopatikana kule ilikotoka huleta faini na kuchelewa hapa. Ongeza kusafirisha kutoka Mombasa kupitia Malaba au Busia. Skidi stia ya tani 3 hupanda juu ya lori la kawaida la mizigo na hivyo kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine kwa gharama ndogo, wakati loda ya tani 5 huhitaji lori kubwa zaidi au lobedi, yaani trela la sakafu ya chini, isipokuwa kama kazi ziko karibu na inaweza kujiendesha yenyewe barabarani.

Kabla ya kulipa, piga simu kwa wauza spea watatu na uulize vitu vinne kwa namba ya mashine yako hasa: chujio la haidroliki, seti ya sili za silinda ya kijiko, tairi, na pini za mikono. Usiulize kama vinapatikana, kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Uliza kama viko dukani leo.

Hatua ya mwisho: kodi kabla ya kununua

Kodi skidi stia siku mbili na loda siku mbili, kwa kazi ileile, opereta yuleyule, na daftari lilelile la hatua ya kwanza. Jaza tangi mpaka juu kila asubuhi na upime lita zilizoingia kila jioni. Hesabu paleti zilizofika, si saa zilizofanyika. Kabla ya kuanza, pima kina cha meno ya tairi moja kwa rula, na uandike. Siku mbili ni chache kwa tofauti kuonekana kwenye rula, lakini nenda pale mashine ilipogeukia zaidi, uinamishe mgongo, na upitishe kidole.

Uwanja wangu wa matofali sasa una loda ya tani 5. Skidi stia sikuiuza. Niliifunga keekee, nikaipeleka kwa wajenzi wa uzio, na kila inaporudi jumamosi opereta huisimamisha nje ya geti, juu ya majani.